Jezi Umepewa, Kiti Je?

Takawiri hakuna farasi. Nimekizunguka kisiwa hicho kwa miguu, nikapishana na mbuzi, kuku na mbwa waliolala kivivu kando ya nyavu, lakini farasi sikuona hata alama ya kwato. Farasi wa huko ni mtumbwi. Ukitaka kwenda Mbita sokoni, unaingia majini. Ukitaka kwenda Mfangano, ni hivyo hivyo. Mtoto wa Takawiri hushika kasia kabla hajashika kalamu, na hakuna anayempigia makofi kwa hilo.

Sasa nivumilie kidogo, kwa sababu leo nataka tuzungumze kuhusu farasi.

Jioni moja nilikaa kwenye ule mchanga mweupe wa Takawiri, ule ambao ukipigwa picha na minazi yake, mtu wa Nairobi anaapa ni Diani. Vijana walikuwa wakicheza kandanda. Walikuwa wanajua mpira, sikudanganyi. Kulikuwa na winga mmoja, miguu mitupu, alikuwa anawapita mabeki kama wamepandwa. Jezi zao zilikuwa na picha ya mgombea fulani wa uchaguzi uliopita. Jua na sabuni vilikuwa vimeufifisha uso wake hadi yakabaki masharubu tu.

Halafu mpira ukaisha upepo, na mechi ikaishia hapo.

Nikauliza pampu iko wapi. Haipo. Nani huweka pesa za timu? Hakuna pesa. Katibu wenu ni nani? Wakaangua kicheko. "Kamati ni ya wazee, omera," winga akaniambia huku akikung'uta mchanga magotini. "Sisi tunangoja mheshimiwa arudi."

Mheshimiwa atarudi, usijali. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, kwa hivyo atarudi akiwa na jezi mpya na mipira miwili, na wimbo utachezwa kwenye spika kubwa. Vijana watashangilia, watapigwa picha, na mwezi wa tisa mpira utaisha upepo tena.

Ninachotaka kukwambia leo ni kifupi. Kijana anayepokea jezi bila kuuliza habari ya kiti atachezeshwa maisha yake yote. Kutoka uwanjani hadi kwenye meza ya uongozi kuna njia, na wako watu waliopita. Mchezo wa farasi ndio unaoionyesha njia hiyo vizuri zaidi, kwa sababu huko milango yake iko wazi hata kwa kipofu.

Kiti kilichokaa kasrini nusu karne

Mchezo wa farasi duniani unasimamiwa na shirikisho linaloitwa FEI, lenye makao yake Lausanne, Uswisi. Hebu hesabu marais wake pamoja nami.

Mwaka wa 1964, Prince Philip, mumewe Malkia Elizabeth wa Uingereza, alichukua usukani. Akakaa hadi 1986. Akampisha nani? Binti yake mwenyewe, Princess Anne. Anne alipoondoka 1994, akaingia Infanta Pilar, dadake aliyekuwa mfalme wa Uhispania wakati huo. Mwaka wa 2006 akaingia Princess Haya, bintiye Mfalme Hussein wa Jordan, ambaye alikuwa ameolewa na mtawala wa Dubai. Akakaa hadi 2014.

Toka 1964 hadi 2014 ni miaka 50. Nusu karne nzima kiti hakikutoka kwenye makasri.

Najua unachofikiria. Unasema hayo ni yale yale ya kwetu, mtoto wa fulani anarithi kiti cha fulani, sisi wengine tunabaki kushika vibendera. Uko sawa. Huo ndio mlango wa kwanza wa uongozi wa michezo, mlango wa kuzaliwa. Wewe na mimi hatukupewa ufunguo wake, na hakuna haja ya kujidanganya kwamba tutaupata kwa kuchapa kazi.

Lakini tusiwe wepesi wa kudharau. Princess Anne hakuwa wa kupigwa picha tu akiwa juu ya farasi. Mwaka wa 1971 alikuwa bingwa wa Ulaya. Mchezo wake ni ule wa siku kadhaa ambao una mitihani mitatu. Kwanza unamtembeza farasi kwa madaha mbele ya majaji, kila hatua inahesabiwa. Kisha unamkimbiza nyikani, mnavuka magogo, mitaro na maji. Mwisho unaruka vizuizi uwanjani, na ukiangusha kimoja unapoteza alama. Farasi mmoja, mpandaji mmoja, mitihani yote mitatu. Wanaume na wanawake hushindana pamoja kwenye jedwali moja, jambo ambalo ni nadra sana kwenye Olimpiki.

Mwaka wa 1976 Anne alikwenda Olimpiki za Montreal. Huko nyikani akaanguka vibaya na kupata mtikisiko wa ubongo. Akainuka, akapanda tena, akamaliza. Hakupata medali. Mwaka wa 1983 akawa rais wa Chama cha Olimpiki cha Uingereza, 1986 akawa rais wa FEI, na 1988 akaingia kwenye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC.

Princess Haya naye aliruka vizuizi kwenye Olimpiki za Sydney mwaka wa 2000, na ndiye aliyebeba bendera ya Jordan. Miaka sita baadaye akawa rais wa FEI. Ilipofika 2014 wengi kwenye shirikisho walitaka aendelee kwa muhula wa tatu. Hakugombea. Alikaa miaka minane, akashuka.

Shika hilo la kushuka, tutalirudia.

Sasa sikiza kilichotokea baada yake. Unadhani kiti kilikwenda kwa mwana mfalme gani? Hakikwenda kwa yeyote. Kilikwenda kwa Ingmar De Vos, raia wa Ubelgiji. Hakuwa mtoto wa kasri wala bingwa wa Olimpiki. Alikuwa katibu mkuu. Ndiye aliyekuwa akishughulika na mafaili, mikataba, mikutano na kanuni. Wakati kiti kilipobaki wazi, yeye ndiye aliyekuwa anajua kila karatasi iko kwenye droo gani.

Kwa ufupi, baada ya miaka 50 ya wafalme, kiti kikamwendea karani.

Ndiyo maana nikasema milango iko wazi. Wa kwanza ni wa kuzaliwa. Wa pili ni wa medali. Wa tatu ni wa daftari. Winga wa Takawiri hana ule wa kwanza. Wa pili anaweza kuupata akibahatika sana. Wa tatu uko wazi leo hii, na yeye anaucheka.

Medali haifundishi hesabu

Hapa Kenya tunaupenda sana mlango wa pili. Mtu akishinda, tunamwambia, "Wewe sasa gombea." Tunadhani aliyekimbia vizuri ataongoza vizuri. Wacha tuone.

Kipchoge Keino ni babu wa riadha yetu. Dhahabu ya mita 1,500 mwaka wa 1968 kule Mexico, dhahabu ya kuruka viunzi na maji mwaka wa 1972 kule Munich. Hakuna Mkenya wa kumkosea heshima mzee huyo. Aliongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya, NOCK, toka 1999 hadi 2017. Miaka 18. Mwaka wake wa 17 ndio ule wa Rio 2016. Unaukumbuka? Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki, alifika uwanja wa ndege akakuta hana tiketi. Sare za wanariadha zikapotelea mifukoni mwa watu. Yego alifika Rio hatimaye akarudi na fedha. Mwaka wa 2021 mahakama ilimpata na hatia aliyekuwa Waziri wa Michezo, Hassan Wario, pamoja na kiongozi wa msafara huo. Mzee Keino mwenyewe hakuhukumiwa kwa lolote, na hilo lazima lisemwe. Lakini swali la winga yeyote linabaki pale pale: ilikuwaje nyumba inayoongozwa na bingwa ikamsahau bingwa uwanja wa ndege?

Jibu ni kwamba tiketi hainunuliwi kwa medali. Tiketi inanunuliwa na mtu anayefuatilia orodha, risiti na tarehe. Asipokuwepo mtu huyo, au akiwepo na hakuna wa kumkagua, bingwa analala kwenye kiti cha uwanja wa ndege.

Akaja Paul Tergat. Huyu ni mtoto wa Baringo aliyeshinda mbio za nyika za dunia mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka wa 2003, saa 2:04:55. Lakini watu wengi wanamkumbuka kwa siku aliyoshindwa. Sydney 2000, mita 10,000, yeye na Haile Gebrselassie wa Ethiopia, bega kwa bega hadi mwisho. Haile akamshinda kwa sehemu tisa za mia moja ya sekunde. Ukipepesa jicho umekosa.

Sasa angalia maisha yalivyowapeleka. Haile, mwenye dhahabu, akawa rais wa Shirikisho la Riadha la Ethiopia mwaka wa 2016. Baada ya miaka miwili akajiuzulu, kukiwa na malalamiko ya wanariadha wenyewe. Nafasi yake akaichukua Derartu Tulu, mwanamke wa kwanza Mwafrika mweusi kushinda dhahabu ya Olimpiki, mwaka wa 1992. Tergat, mwenye fedha, aliingia IOC mwaka wa 2013, akakaa huko akijifunza, na Septemba 2017 akachaguliwa rais wa NOCK. Akaongoza mihula miwili, na mwaka wa 2025 akampisha Shadrack Maluki, mtu wa judo.

Uwanjani Haile alimshinda Tergat. Kwenye uongozi hadithi ikawa nyingine. Sisemi Tergat alikuwa malaika. Ninasema miaka minne ile ya kukaa kwenye meza kabla ya kupewa meza ina maana yake.

Ukivuka mpaka uende Tanzania, muulize mtu mzima yeyote kuhusu Filbert Bayi. Mwaka wa 1974 kule Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia, na aliongoza toka mlio wa bastola hadi kamba. Wengi walimwona mwendawazimu, kwa sababu mbio hizo watu hujificha nyuma ya wengine wakingoja mzunguko wa mwisho. Ungedhani mtu kama huyo atataka urais wa kila kitu. Bayi alikubali kazi gani? Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania, kwa miaka mingi. Mtu aliyekimbia mbele ya dunia nzima akakubali kukaa nyuma ya meza aandike kumbukumbu za mkutano.

Na Kirsty Coventry? Muogeleaji wa Zimbabwe, medali saba za Olimpiki, dhahabu mbili. Machi 2025 akachaguliwa rais wa IOC, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Alishinda duru ya kwanza kwa kura 49 kati ya 97. Watu waliona siku ile moja tu. Hawakuona miaka ya nyuma, alipokaa kwenye tume ya wanariadha ya IOC akisikiza mambo yasiyo na makofi, kisha akaiongoza tume hiyo. Alikuwa pia Waziri wa Michezo wa Zimbabwe toka 2018, na huko alilaumiwa si haba, maana wakati wake FIFA iliifungia nchi hiyo kwa serikali kuingilia mpira. Yaani hata yeye alichafuka kwenye njia hiyo. Lakini alikuwa njiani.

Mpanda farasi wawili

Wahenga wetu walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Walikuwa wanajua michezo ya Kenya ingawa haikuwepo bado.

Farasi wa kwanza anaitwa michezo. Wa pili anaitwa siasa. Hapa kwetu kila anayepanda wa kwanza huwa tayari amemkodolea macho wa pili. McDonald Mariga, kiungo wetu aliyekuwa Inter Milan iliposhinda Klabu Bingwa Ulaya mwaka wa 2010, alijaribu ubunge wa Kibra mwaka wa 2019 akashindwa. Desemba 2024 akarudi kwenye mpira, akachaguliwa naibu wa rais wa Shirikisho la Soka, FKF, chini ya Hussein Mohammed. Mimi nilifurahi. Huyu ni mtu aliyewahi kufunga kamba za viatu kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha klabu kubwa. Anajua maana ya mshahara kuchelewa na goti kuuma. Lakini sasa ndipo mtihani wake unapoanza, na ni wajibu wetu kumuuliza kila mwaka: bado uko juu ya farasi mmoja?

Na kuna lile la kushuka. Anne miaka minane. Haya miaka minane. Tergat miaka minane. Mpanda farasi yeyote atakwambia kwamba siku ya kwanza hufundishwi kukimbia. Unafundishwa kupanda na kushuka. Asiyejua kushuka ni hatari kwake na kwa farasi. Sisi tumezoea viongozi wa michezo wanaoshushwa na polisi, na mahakama, au na Maulana. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wanasema kamati ni ya wazee. Ni ya wazee kwa sababu waliingia wakiwa vijana wakasahau kutoka.

Daftari la Takawiri

Turudi kisiwani basi.

Kijana wa Takawiri ataniambia, "Wewe unaongea habari za Lausanne na Sydney, mimi sina hata pampu." Sawa. Lakini pampu hiyo ndiyo Lausanne yako. Nitakueleza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliniishinda, sina hadithi nzuri zaidi ya hiyo. Chuoni nilikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya kandanda, yule anayepasha misuli moto mechi nzima halafu haingii. Siku moja walitafuta mweka hazina, kila mtu akaangalia chini, nikainua mkono. Wiki ya kwanza nikagundua kwamba nauli ya timu ilikuwa ikilipwa mara mbili kwa safari moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza risiti. Nikaanza kuuliza risiti. Nilichukiwa. Lakini muhula huo tulinunua mipira sita na tukala chakula cha mchana kila tuliposafiri. Sikufunga bao hata moja, na bado naamini hakuna mchezaji aliyeisaidia timu ile kuliko mimi. Cheti sikupata. Hilo nililipata.

Kwa hivyo usiniambie kuwa kamati inahitaji digrii. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu asiyeona haya kuuliza, "Hii pesa ilienda wapi?"

Na sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 iliunda Ofisi ya Msajili wa Michezo. Inatambua ngazi tatu: klabu, chama cha kaunti na chama cha kitaifa. Klabu ndiyo ngazi ya chini kabisa, na ndiyo yako. Timu yenye katiba, viongozi waliochaguliwa na usajili ina mkono wa kutia sahihi. Timu isiyo na hayo ni kundi la vijana waliovaa jezi zinazofanana. Sheria hiyo hiyo iliunda Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, kwa hivyo hata ukionewa na wakubwa kuna mahali pa kupeleka malalamiko zaidi ya kwenye WhatsApp.

Katiba ya nchi nayo, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Hata fuo zimetajwa humo. Maana yake kiwanja cha Takawiri si zawadi ya mheshimiwa yeyote. Ni kazi ya Kaunti ya Homa Bay, na kaunti inalazimika kuwauliza wananchi maoni kabla ya kupitisha bajeti. Vikao hivyo vinafanyika. Wanaokwenda ni wale wale wazee unaowacheka, na wao hawataomba wavu wa goli. Wataomba kile wanachokihitaji wao, na ni haki yao. Wewe hukuwepo.

Tena kisiwani mko na kitu ambacho sisi wa mtaani hatuna. Kila ufuo wa wavuvi una BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo iliyowekwa na kanuni za mwaka wa 2007. Wenye mitumbwi, wavuvi na wauza samaki wote wana sauti humo. Viongozi wake wanachaguliwa. Hiyo ndiyo shule ya uongozi iliyo karibu nawe kuliko chuo chochote. Kijana aliyewahi kuamua mzozo wa nyavu kati ya wavuvi wawili wenye hasira saa kumi na moja asubuhi hataogopa mkutano wa shirikisho la michezo.

Na ninapofikiria BMU ninafikiria jambo kubwa kuliko kandanda. Ziwa linaua. Kila familia ya visiwani ina jina ambalo likitajwa watu hunyamaza. Mkiwa na klabu ya makasia na kuogelea iliyosajiliwa, ya wavulana na wasichana, mtaweza kwenda kwenye kikao cha bajeti mkaomba jaketi za kuokoa maisha, mkaomba mwalimu wa uokoaji, mkaandika barua yenye mhuri. Mheshimiwa anayeleta jezi hajawahi kuleta jaketi. Si kwamba ni mtu mbaya. Ni kwamba hakuna aliyemwandikia.

Nimesema wasichana. Jioni ile wao hawakuwa uwanjani. Walikuwa wanaanua omena kabla giza halijaingia. Lakini angalia tena orodha yangu: Anne, Haya, Derartu, Coventry. Katiba yetu inasema hakuna jinsia inayopaswa kuzidi thuluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Klabu yenu ikianza bila wasichana kwenye kamati, imeanza kwa kuanguka. Na kwa uzoefu wangu, anayejua bei ya omena ya jana na ya leo bila kuangalia popote ndiye anayefaa kuwa mweka hazina.

Mheshimiwa akirudi

Kuna watu watasema ninawaonea vijana. Kwamba mtu anayelala ziwani usiku kutafuta omena hana muda wa kuandika kumbukumbu za mkutano. Ninawasikia. Mkutano wa timu ni saa moja kwa mwezi. Na nimewaona vijana hao hao wakibishana kuhusu Gor Mahia kwa saa tatu, wakitaja wachezaji waliostaafu kabla wao hawajazaliwa. Kumbukumbu wanazo. Hazijaandikwa tu.

Wengine watasema wazee hawatakubali. Hapo kweli kuna kazi. Lakini usiende kwa mzee ukimwambia, "Ondoka." Nenda umwambie, "Jaduong', naomba niwe katibu wako." Wazee wengi wamechoka kuandika, macho yamepungua, na simu inawasumbua. Ukishika kalamu, baada ya mwaka mmoja hakuna uamuzi utakaopita bila wewe kujua. De Vos aliingia kupitia mlango huo huo, kule ambako wafalme walikuwa wamekaa miaka 50.

Kwa hivyo wewe winga, kama unanisoma, na najua simu ya mtu mmoja hapo ufuoni huwa na bando: nunueni daftari. La karatasi 96 linatosha. Ukurasa wa kwanza andikeni majina ya wachezaji, wa kiume na wa kike. Wa pili andikeni viongozi, na tarehe ambayo kila mmoja atashuka. Wa tatu andikeni pesa, hata kama ni shilingi hamsini. Wa nne andikeni mnachotaka kutoka kwa kaunti, kwa mpangilio, cha kwanza hadi cha mwisho.

Mheshimiwa akirudi 2027 na jezi zake, mpokeeni vizuri. Chukueni jezi, hakuna dhambi, jua la Takawiri ni kali. Kisha mfungulieni ukurasa wa nne, na mwambieni atie sahihi chini yake.

Na kabla ya hayo yote, changeni mnunue pampu.